Mlango wa Kijani Karibu na Tangi

Kwako Kaka yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa, umevua viatu na umeshakunywa chai, maana barua hii ni ndefu na nisingependa uisome ukiwa umesimama kwenye foleni. Hujambo? Vipi huko ghalani, yule msimamizi wako anayewahesabia watu hata pumzi bado hajastaafu? Na mgongo unaendeleaje? Uliponiambia kwamba umeanza kufunga mkanda wa kiunoni kama mzee, nilicheka, kisha nilipokata simu nikasikitika. Sisi huku tu wazima. Vidole vyangu vyote vipo, ingawa kimoja kilitaka kuniaga wiki iliyopita, kwa hiyo lile jina ulilonipa utotoni bado linanistahili.

Utashangaa kwa nini naandika kwenye karatasi wakati unapiga simu kila Jumapili. Sababu ya kwanza ni kwamba ukipiga, Mama anakuwa amekaa pembeni yangu na mkono wake uko juu ya goti langu, ananibana kila ninapotaka kufungua mdomo. Sababu ya pili ni kwamba simu zimenichosha. Siku hizi ukisema neno kwenye simu, kabla hujameza mate limeshafika kwa watu usiowajua. Karatasi hii anakuletea muuguzi wa nyumba ya nyuma, anayehamia huko kikazi, na haitakwenda kwingine mpaka wewe mwenyewe utake. Nakuomba usinipigie kabla hujafika mwisho. Nakujua, ukifika katikati utataka kuinuka. Usiinuke.

Nianze na Mama, maana ndiye unayemuulizia kwanza. Anakula vizuri, anabishana na redio kama kawaida yake, na juzi amemfukuza fundi wa bomba kwa sababu alikanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Tulikuambia kwamba aliteleza bafuni. Tulikudanganya, na nitakueleza. Kilichobadilika ni kwamba hakai tena sebuleni. Kiti chake tumekihamishia jikoni, na hukaa mgongo ukiwa ukutani na uso ukielekea mlangoni.

Karakana ya Baba bado iko wazi, na mimi ndiye fundi, mfagiaji na mpokea lawama. Wateja wapya wakiniona huuliza fundi yuko wapi. Huwaambia ametoka kidogo, halafu nachukua kipimo mbele yao. Bado nagonga kioo kabla ya kukikata, kama alivyotufundisha, kwa kifundo cha kidole, mbili za haraka na moja ya kuchelewa, halafu nasikiliza. Kioo kizima kinaita, chenye ufa wa ndani kinajibu kama sahani ya plastiki. Unakumbuka alivyokuwa akigonga hivyo hivyo hata meza ya chakula kabla ya kusema jambo, mpaka Mama akamuuliza kama anataka kutukata na sisi? Wewe ndiye uliyemrithi. Hata siku ile ya kutuaga uligonga meza kwanza.

Sasa nikupe habari za jirani yetu, Mzee Randa. Sijui kama huko unamkumbuka au umeshamsahau pamoja na mengine. Ni yule yule seremala wa upande wa pili wa tangi la maji, aliyekuwa akitutengenezea fremu wakati Baba akitia vioo, na aliyekuchongea gari la mbao ukalivunja siku hiyo hiyo kutaka kujua limeundwaje. Anatoka ng'ambo ya reli, kila mtu anajua, lakini alihamia mtaani kwetu kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Utotoni sikuwahi kumsikia mtu akilitaja hilo la reli isipokuwa kwa utani wa mpira.

Mwaka uliofuata baada ya wewe kuondoka, mchwa walikula mlango wa mbele wa Mama. Mimi nilidhani ni mlango, kumbe ulikuwa rangi tu iliyosimama. Mzee Randa wakati huo alikuwa amejitengenezea mlango mpya wa mbao nyekundu, ameung'arisha mpaka unajiona sura. Ule wake wa zamani, wa kijani, akaupiga randa pembeni ukaingia kwenye fremu ya Mama, akaufunga kwa bawaba mpya na kukataa hata ahsante. Sikukuandikia kuhusu jambo hilo. Nani anamwandikia ndugu yake aliye mbali habari za mlango?

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mlango wa kijani karibu na tangi ukawa wetu.

Mwaka huu wakubwa wa mji waliamua kuhamisha soko kulipeleka ng'ambo ya reli. Watu wa upande wetu wengi walipoteza vibanda, Mama akiwa mmoja wao, na sikulaumu hasira yao, hata mimi nilikasirika. Siku ya kuhama kulitokea kusukumana, na kijana mmoja wa kwetu, mpakia mizigo, akaangushwa na kung'oka jino. Jino, Kaka. Nimemwona mwenyewe kesho yake akipakia magunia na kusimulia tukio kwa madoido, na kila akisimulia waliompiga wanaongezeka.

Jioni ya siku hiyo ikaingia sauti kwenye simu za watu. Ilikuwa sauti nzito, imepitishwa kwenye kile kitu cha kubadilisha sauti, inaongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Ilisema kijana yule amekufa. Ilisema maiti imefichwa ili tusijue. Watu wakaipenda sauti ile, wakaipa jina la Msema Kweli, na ikawa kila siku mbili tatu inakuja nyingine. Msema Kweli alikuwa anajua kuongea, hilo simnyimi. Alituambia tumekuwa wapole mno, alituambia wanatucheka, alitukumbusha vibanda vya mama zetu. Fundi cherehani wa pale kona, mama mtu mzima asiyeweza kuua hata mende, aliniambia kwamba akiisikiliza mwili unamsisimka. Kijana mwenye jino lake akajirekodi akisema yuko hai, na watu wakamjibu kwamba amehongwa. Usiku vijana wa huku na wa ng'ambo wakaanza kuvunjiana madirisha.

Halafu ikaja ile sauti mbaya kuliko zote. Msema Kweli alisema maadui wengine tunalala nao mtaa mmoja, na kwamba anayetaka pa kuanzia aanze na mlango wa kijani karibu na tangi la maji.

Sisi wa mtaani tuliposikia tulijua anamaanisha nani, na wengine wakaona aibu wakaizima. Lakini sauti haikai mtaani. Ilikwenda mpaka mitaa ya mbali, kwa vijana wasiomjua Mzee Randa wala tangi letu. Kwao mtu hakuwepo. Kulikuwa na mlango tu.

Walikuja mchana, mimi nikiwa zahanati natia vioo vya wodi mpya. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Anasema aliwasikia kwanza kwa sababu kila mmoja alikuwa ameifungulia simu yake, na ile sauti ya pipa ilikuwa inatoka kwenye simu nyingi kwa pamoja, kila moja mahali pake. Kioo cha dirisha la mbele, ambacho nilikikata kwa mkono wangu, kilimwangukia usoni. Aliwaambia yeye ni wa upande huu huu, na mmoja wao akamjibu kwamba wote wakishikwa husema hivyo. Mama akamtajia jina la Baba, akamtajia hata shule uliyosoma wewe. Hawakumsikia, maana simu zilikuwa zinaongea.

Mzee Randa alikuwa karakanani kwake na aliisikia kelele. Alijua wanamtafuta yeye. Uwanja wa nyuma ulikuwa wazi na reli iko karibu, angetembea tu taratibu akawa kwao, salama. Badala yake aliruka ukuta, kwa umri ule na magoti yale, akamtoa Mama kwa mlango wa jikoni na kumwingiza kwenye karakana yake, akamfunika kwa turubai la kufunikia mbao. Kisha akatoka mbele kwa miguu yake, akawaambia wamekosea nyumba, na kwamba mwenye mlango ule zamani alikuwa yeye.

Sitakuandikia yote waliyomfanya. Walimpiga kwa nondo kwenye mkono wa kulia, ule wa kazi. Fundi cherehani ndiye aliyetoka kwanza, na mkasi wake mkononi na futi shingoni, akasimama mbele yake. Wakafuata wanawake wa nyumba za jirani, kisha wanaume ambao mpaka leo wanaona haya kwamba hawakuwa wa kwanza. Wale vijana walipoona watu wenye nyuso, wenye majina, wakiwauliza wametumwa na nani, wakaanza kutazamana. Wakaondoka mmoja mmoja.

Daktari ameunganisha mifupa ya mkono, ila amesema vidole viwili huenda visikunje tena. Mzee Randa alimuuliza kama vitashika randa, daktari akatazama dirishani. Nilikuwepo. Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa.

Jioni ile wapwa zake walikuja kutoka ng'ambo ya reli, gari zima, na hawakuja kumjulia hali tu. Nilichungulia nyuma ya gari nikaona nilichokiona. Mzee Randa, na plasta bado mbichi mkononi, aliwauliza kama wamekuja kumtafutia mkono mwingine, na kama sivyo, basi warudi wakalete mbao, maana mlango wa jirani umevunjika bawaba na yeye hawezi kubeba. Walibishana naye mpaka sauti zikapasuka. Mwishoni walileta mbao. Nakuambia hili ujue jinsi tulivyokuwa ukingoni kabisa. Mzee mmoja mwenye maumivu angesema neno moja tofauti na mji huu leo ungekuwa unazika watu.

Baada ya hapo jamaa mmoja, kwa nia njema tu, aliniambia kwamba heri mimi, maana vioo vikivunjika biashara yangu inapanda. Nilimtoa karakanani, Kaka, na sikumtoa kwa upole. Kioo najua kukivunja kuliko wao wote. Najua pia kipande kimoja cha dirisha kinachukua muda gani mpaka kikae, ukipima, ukikata, ukipaka puti na kuiacha ikauke. Tangu siku ile nimeamua. Kila asubuhi kabla ya kazi nyingine natia kioo kimoja kilichovunjwa katika fujo, upande huu na ng'ambo ya reli, popote palipo na tundu. Mara ya kwanza nilipovuka na vioo begani kuna watu wa kwetu waliniita msaliti, na kuna wa kule walionifungia mlango. Siku hizi wa kule wananiletea kigoda. Wa kwetu bado wananinunia, na wataendelea kuninunia mpaka wachoke, mimi sichoki. Fremu natengeneza mwenyewe, Mzee Randa amekaa kwenye kiti ananiongoza kwa mdomo. Ananitukana vizuri sana. Anasema napiga randa kama mtu anayemkuna ng'ombe.

Sasa nimefika, Kaka. Kunywa maji.

Sauti za Msema Kweli nilizisikiliza zote, nikizirudia, baada ya watu kulala na kabla hawajaamka, nikitafuta ni nani kati yetu. Niliwashuku watu wasio na hatia na nimeshawaomba radhi moyoni. Nilipofika kwenye ile ya mlango wa kijani, nilijiuliza ni mtu gani wa mtaani asiyejua kwamba mlango wa Mzee Randa una miaka mingi ni wa mbao nyekundu. Nikaisikiliza tena toka mwanzo kabisa, kabla hajaanza kuongea. Kuna kifundo cha kidole kinachogonga meza. Mbili za haraka na moja ya kuchelewa.

Ile mashine yako inabadilisha sauti ya kooni tu. Haikubadilisha mkono wa Baba.

Nilikwenda jikoni kumwambia Mama, nimeishika simu. Aliniambia niizime. Alikuwa anajua. Alijua tangu sauti ya kwanza kabisa, alisema, lakini alikuwa anajidanganya kwamba watu wengi hugonga meza. Alijua hata siku ile vioo vinamwangukia. Kwa hiyo wewe kila Jumapili ulipokuwa ukimuuliza Mama hujambo, ulikuwa unaongea na mtu anayejua, na anayekujibu sijambo mwanangu. Na ile sauti uliyoituma baadaye, ya kuwapongeza vijana kwa kazi nzuri waliyofanya kwenye mlango wa kijani, aliisikia pia. Ilichezwa nje ya dirisha lake ambalo halikuwa na kioo.

Mimi nina hasira na wewe na sitaificha. Lakini nimekaa nikafikiri pia. Najua chumba chako kina dirisha linalotazama ukuta. Najua unarudi kazini huna wa kuongea naye, unafungua simu, unaona mji wetu unawaka, unaona kibanda cha Mama kimeng'olewa, na wewe uko mbali huwezi hata kushika nyundo. Nadhani hapo ndipo ulipoona kwamba sauti inaweza kufika pale mkono usipofika. Ni kweli imefika. Zamani mtu akitaka kumrushia mwenzake jiwe alilazimika kutoka nyumbani, kuinama, kumtazama usoni, na njiani angeweza kukutana na mtu akamuuliza anakwenda wapi. Wewe ulirusha ukiwa umekaa kitandani, nchi nyingine, na ukalala usingizi.

Hiki ndicho ninachotaka, na sikuombi. Utajirekodi kwa sauti yako mwenyewe, ile tuliyoizoea, bila pipa. Utasema wewe ni mtoto wa fundi vioo na mama yako ni nani. Utasema ulidanganya kuhusu kifo cha yule kijana, na kwamba ule mlango ulikuwa wa mama yako. Utaituma kule kule ulikozituma zile nyingine. Mwisho wa mwezi huu kuna mkutano wa pande zote mbili katika ukumbi wa shule, ule ambao madirisha yake namalizia. Ikiwa mpaka siku hiyo hujasema, nitasimama mbele ya watu wote niseme mimi. Nitasema Msema Kweli ni ndugu yangu wa tumbo moja, na nitakaa palepale wakinitazama. Usidhani dada yako atatetemeka. Nimeshajizoeza mbele ya kioo, na vioo ninavyo vingi.

Mzee Randa nimeshamwambia. Sikuweza kupokea matusi yake ya mapenzi kila siku huku nimeficha hilo. Aliendelea kusugua mbao kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema nikuandikie kwanza, nisikutangaze kabla hujapata nafasi ya kufungua mdomo mwenyewe, kwa sababu mtu akisemewa na wengine hubaki na la kujitetea. Akaniuliza kama bado unavunja vitu kutaka kujua vimeundwaje. Nikamwambia ndiyo.

Nilitaka kuupaka ule mlango rangi nyingine. Niliona hakuna anayeweza kuutazama tena, na nilishanunua kopo la rangi nyeupe na kulikoroga. Mama alitoka jikoni, akapita sebuleni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akanipokonya brashi. Amesema mlango utabaki wa kijani. Amesema ukija siku moja, na utakuja, utakuwa umesahau mengi, ila rangi hiyo unaijua vizuri, na hataki upotee ukaenda kubisha kwa mtu mwingine.

Msalimie yule mwenzako wa kazini, mwambie ahsante kwa dawa za macho alizomtumia Mama. Fundi cherehani anakusalimu, yeye hajui lolote. Mzee Randa anakusalimu na anajua. Mama hajatuma salamu, amesema atakupa mwenyewe. Jifunike vizuri, usibebe mizigo mizito na mgongo huo, na kumbuka kula. Nasubiri kukusikia, kwa sauti yako.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, na asiyekwenda popote,

Plasta